Umoja wa wakazi wa mtaa: namna ya kuuanzisha na kuuendesha usife baada ya miezi mitatu

Maswali ni yale yale. Tunaanzaje? Tusajili wapi? Tuchange kiasi gani? Asiyelipa tumfanyeje? Mengi hutoka kwa watu waliohamia mitaa mipya ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama Goba, Madale, Kinyerezi, Chanika na Kibada, ambako nyumba zimetangulia na barabara, mitaro na taa vinafuata kwa mwendo wake. Majibu nimeyaweka hapa pamoja. Ukiwa Mwanza, Dodoma au Arusha, utaratibu hautofautiani sana.

Nitamke msimamo wangu mapema: mtu muhimu kuliko wote katika umoja ni mhazini. Mwenyekiti wa kawaida mwenye mhazini makini atawafikisha mbali. Mwenyekiti hodari wa kuongea, mwenye mhazini asiyeandika, hamtafika Desemba. Utaona hatua nyingi hapa chini zinarudi kwenye jambo hilo.

Na tusichanganye vyeo. Serikali ya mtaa ni ngazi ya serikali: mwenyekiti na wajumbe wake huchaguliwa kila baada ya miaka mitano (mara ya mwisho ilikuwa 27 Novemba 2024), na mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama. Mfumo huo ulizaliwa ndani ya TANU miaka ya 1960 na si ofisi ya wakazi wote. Umoja wenu ni kitu cha tatu: majirani waliojiunga kwa hiari. Hauna mamlaka ya kumtoza mtu kodi, kumpiga faini asiye mwanachama, wala kumhamisha mtu. Ukilielewa hilo siku ya kwanza, ugomvi mwingi utauepuka.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Majirani watano hadi saba wa nyumba tofauti walio tayari kufanya kazi. Mpangaji awepo, na wanawake wawepo. Wote wakiwa wanaume wenye nyumba za ghorofa, mtaa utawaita klabu.
- Tatizo moja linalowauma wote: korongo barabarani, wizi wa usiku, taka, giza. Moja.
- Kaunta buku mbili, moja ya mihtasari na moja ya fedha, na kitabu cha risiti chenye nakala.
- Namba za simu za mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu, pamoja na 112 ya dharura na 114 ya Zimamoto.
- Mahali pa kukutania pasipo pa mtu mmoja: chini ya mwembe, uwanja wa shule, ofisi ya mtaa. Mkikutana sebuleni kwa mzee fulani kila mara, baada ya muda umoja utakuwa wake.

Hatua ya 1: Anzia ofisi ya serikali ya mtaa

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, watu wawili waende kumwona mwenyekiti na mtendaji. Waeleze nia, eneo mnalokusudia na tatizo mnaloanza nalo. Pelekeni barua fupi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wengi huruka hatua hii kwa kuona ofisi haijawasaidia kitu. Kisha wanaitisha mkutano, watu 60 wanajaa, na mwenyekiti wa mtaa anasikia habari dukani. Kuanzia hapo mmeshakuwa wapinzani wake, hata kama mlitaka kuzibua mtaro tu. Barua zote za baadaye, za TARURA (barabara), DAWASA (maji), TANESCO (umeme) na polisi, zitapita vizuri zaidi zikiwa na utambulisho wake. Mpeni heshima yake mapema.

Hatua ya 2: Hesabu kaya, si nyumba

Chora ramani ya mkono: barabara, nyumba, maduka, viwanja vitupu. Kila nyumba andika idadi ya kaya. Nyumba moja ya wapangaji yaweza kuwa na kaya sita, na jumba kubwa la jirani likawa na mlinzi peke yake, mwenyewe yuko Mtwara.

Eneo lisiwe kubwa. Kaya 30 hadi 80 zinatosha. Zikizidi sana, watu hawajuani kwa sura, na mchango wa mtu usiyemjua ni mgumu kudai na ni mgumu kutoa. Mtaa mkubwa ugaweni kwa barabara.

Hatua ya 3: Mkutano wa kwanza

Jumapili saa kumi jioni hufaa maeneo mengi: ibada za asubuhi zimekwisha, chakula kimeliwa, jua limepungua. Epuka tarehe za mwisho wa mwezi ambapo watu wana mikesha ya sendoff na harusi. Alika kwa mdomo, nyumba kwa nyumba. Ujumbe wa simu ufuate baadaye kama ukumbusho.

Ajenda ziwe nne tu: kufahamiana, tatizo letu ni lipi, tunakubali kuwa na umoja au hatukubali, na nani washike kazi kwa muda wa miezi mitatu. Hapo usijadili katiba wala ada ya kudumu. Saa moja na nusu inatosha. Katibu wa muda aandike mahudhurio kwa jina, namba ya nyumba na simu, kila mtu asaini. Karatasi hiyo mtaihitaji mkija kusajili.

Onyo moja: atatokea mzungumzaji atakayetaka kuhutubia kuhusu serikali kwa dakika ishirini. Mwongoza kikao amshukuru kwa adabu na kumpa mwingine nafasi. Mkimwacha, wanawake waliotenga sufuria jikoni wataondoka, nao ndio wengi wa wanaolipa kwa wakati.

Hatua ya 4: Viongozi

Watu watano wanatosha: mwenyekiti, katibu, mhazini na wajumbe wawili. Kipindi cha miaka miwili, na mtu asizidi vipindi viwili.

Mhazini msimtafute kwa elimu. Mtafuteni kwa tabia: mwenye duka anayeandika madeni yake, mama anayeshika kikoba na hakijawahi kuvunjika kwa ugomvi, mwalimu mstaafu. Muulizeni kama yuko tayari kusimama kila mwezi na kusoma hesabu mbele ya watu. Akisema "mtaniamini tu", mtafuteni mwingine.

Mhazini na katibu wasitoke kaya moja wala wasiwe ndugu. Pia chagueni wakaguzi wawili walio nje ya kamati. Kazi yao ni kulinganisha risiti, daftari na salio kila baada ya miezi mitatu na kutoa taarifa mkutanoni, si kwa mwenyekiti.

Hatua ya 5: Katiba ya kurasa mbili

Msinakili katiba ya SACCOS yenye kurasa ishirini na tano. Hakuna atakayeisoma. Andikeni wenyewe, kwa sentensi fupi, mambo haya: jina na mipaka ya eneo; nani mwanachama (andikeni wazi kwamba mpangaji ni mwanachama kamili mwenye kura); kaya moja kura moja; viongozi na muda wao; ada na tarehe ya kulipa; matumizi ya kiwango gani kamati inaweza kuidhinisha na kiwango gani lazima kipelekwe mkutanoni; msiba na ugonjwa; namna ya kumwondoa kiongozi; na mali itaenda wapi umoja ukivunjika.

Akidi ndiyo mtego. Watu huandika "nusu ya wanachama wote" kwa kuwa inasikika vizuri, halafu vikao vitatu mfululizo havifikii nusu na umoja unaganda. Andikeni theluthi moja. Au andikeni kwamba kikao kikikosa akidi, kitaitishwa tena baada ya siku saba na watakaofika ndio watakaoamua.

Wekeni pia sentensi hii: kiongozi wa umoja akichukua fomu ya kugombea uongozi wowote wa kisiasa, anajiuzulu nafasi yake kwenye umoja siku hiyo hiyo. Mtaishukuru mwaka wa uchaguzi.

Hatua ya 6: Pesa

Hapa soma polepole.

Kwanza, kiwango. Msianze na "tutoe ngapi?" Anzeni na "tunataka kufanya nini, na inagharimu ngapi?" Kisha gawanyeni kwa kaya zitakazolipa kweli, si kwa kaya zilizoandikwa. Chukua mfano wa hesabu tu: mna kaya 50 na mmekubaliana 15,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni 750,000. Kaya zinazolipa bila kusukumwa zikiwa 33, mna 495,000. Mkiweka walinzi wawili wa 200,000 kila mmoja, zinabaki 95,000. Umoja unaoajiri mlinzi moja kwa moja ni mwajiri: kuna mkataba wa maandishi, kima cha chini cha mshahara cha kuangalia, mchango wa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), na NSSF (hifadhi ya jamii) ambayo ni asilimia 20 ya mshahara. Mkigawana nusu kwa nusu na mlinzi, sehemu yenu ni 20,000 kwa kila mmoja, yaani 40,000. Sasa mna 55,000 za tochi, betri, makoti ya mvua na WCF yenyewe. Ndiyo maana mitaa mingi huanza na walinzi wanne na kumaliza na mmoja anayedai mishahara ya miezi miwili. Mkiona hesabu inabana, anzeni na mlinzi mmoja, au mwambieni wakala wa kampuni ya ulinzi awape bei, kisha mlinganishe.

Pili, njia ya kupokea. Pesa isipite kwenye laini binafsi ya kiongozi yeyote, hata kwa wiki moja. Atakuwa na mkopo wa simu, mtandao utakata deni lake, na mchango wa mtaa utakuwa umeondoka naye. Kabla hamjasajiliwa, tumieni huduma ya vikundi ya mitandao ya simu, mfano M-Koba, ambako mtu mmoja peke yake hawezi kutoa pesa. Mkishasajiliwa, fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na wawili kati yao wawe lazima. Benki kwa kawaida itadai cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa mkutano uliowataja watia saini, na vitambulisho vyao vya NIDA.

Tatu, risiti. Anayelipa taslimu apewe risiti papo hapo, hata kama ni 2,000. Nakala ibaki kitabuni. Mhazini anayesema "nitakuandikia jioni" ameanza kupoteza umoja.

Nne, na hapa ndipo hasa: taarifa ya kila mwezi. Tarehe 5, bila kukosa, mhazini abandike karatasi moja dukani na kuipiga picha kwa ajili ya grupu. Iwe na mistari michache:

Salio la mwezi uliopita.
Makusanyo ya mwezi huu, na idadi ya kaya zilizolipa.
Matumizi, moja moja, na namba ya risiti.
Salio la leo, na liko wapi.

Majina ya waliolipa yawekwe? Mitaa mingine huweka, mingine huona aibu. Mimi nashauri mweke ya waliolipa na muache ya wasiolipa. Kila mtu ataona jina lake halipo, na hamjamtukana mtu.

Mwezi ambao hakuna kilichoingia wala kutoka, karatasi itoke vilevile. Watu hawaogopi salio dogo, wanaogopa kimya.

Hatua ya 7: Kazi ya kwanza ionekane ndani ya siku 60

Chagueni kitu ambacho mtoto wa darasa la pili akipita atakiona. Taa tatu kwenye kona zenye giza. Mtaro uliozibuliwa. Shimo lililofukiwa. Mipango mikubwa ya kumwaga lami ije baadaye.

Kama ni barabara, zingatia majira. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho cha kazi. Kifusi kinachomwagwa Aprili katikati ya masika huondoka na maji, na kesho yake mna tope la gharama kubwa. Mpangilio ni huu: mitaro kwanza, kalavati pale maji yanapokatiza, halafu kifusi au moramu, greda, na kushindilia. Wanaoanza na kifusi bila mtaro hununua kifusi kila mwaka.

Barabara za mitaa mijini kwa sehemu kubwa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Pelekeni barua kwa meneja wa wilaya kupitia mtendaji, mkieleza mnachotaka kufanya kwa nguvu zenu na mnachoomba kwao. Mara nyingine watawapa greda mkitoa kifusi. Msijenge matuta kwa kienyeji. Tuta lisilo na kipimo huvunja magari na huua dereva wa bodaboda usiku. Msielekeze maji kwenye kiwanja cha jirani wa chini. Na geti la kufunga barabara ya umma msiliweke bila kibali: siku nyumba inawaka, gari la Zimamoto halitasubiri mwenye funguo.

Kuhusu malori: trip ya Fuso si sawa na trip ya tipa kubwa. Elewaneni kwa mita za ujazo, muandike. Siku ya kumwaga, mtu mmoja asimame na daftari, aandike namba ya gari na saa ya kila trip, dereva asaini. Jioni trip zihesabiwe mbele ya wajumbe wawili kabla ya malipo. Bila daftari hilo, trip nane huwa kumi na moja kwa muujiza.

Hatua ya 8: Ulinzi

Ulinzi wa raia una historia ndefu kwetu. Sungusungu walianza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini mipaka ipo, na mitaa mingi huivuka.

Ulinzi shirikishi uanzishwe kwa kushirikisha serikali ya mtaa na kituo cha polisi. Orodha ya walinzi ifike kituoni. Kila mlinzi awe na kitambulisho, tochi na filimbi. Wafanye kazi wawili wawili, zamu iandikwe.

Mtuhumiwa akikamatwa, apelekwe polisi mara moja. Asipigwe, asivuliwe nguo, asifungiwe stoo ya mtu. Mkimpiga akafa, ni kesi ya mauaji, na watakaoitwa kwanza ni viongozi ambao majina yao mmeyapeleka kituoni wenyewe. Lisomeni hili mkutanoni kwa sauti kabla ya zamu ya kwanza.

Hatua ya 9: Msiba

Kuna mitaa ambayo umoja wake wote ulizaliwa kwenye turubai la msiba, na hakuna jambo linalounganisha au kuvunja majirani haraka kama hili. Kwa hiyo liandikeni kabla halijatokea, maana siku mtu analia hakuna wa kujadili viwango.

Amueni nani anahusika: mwanachama, mwenza wake, watoto wanaoishi hapo. Hapo wote wanakubaliana. Ugomvi huanzia kwa wazazi walioko mkoani. Mtu mmoja ana wazazi wawili na wakwe wawili, mwingine ni yatima. Mkiweka wazazi wote bila kikomo, mfuko utaisha kwa kaya chache. Suluhisho linalokubalika mara nyingi ni mafungu mawili: msiba wa ndani ya kaya hulipwa kiasi kamili kutoka kwenye mfuko, na msiba wa mzazi popote alipo hulipwa kiasi kidogo kilichopangwa, kisha wanaopenda wachange rambirambi yao pembeni kwenye daftari tofauti. Mke wa pili na watoto wa nje ya kaya pia wataulizwa. Jibuni mapema, kwa heshima, mkiandika "mwenza aliyeandikishwa".

Fedha ya msiba itoke ndani ya saa 24, ikabidhiwe na watu wawili, na mfiwa au ndugu yake asaini. Wekeni kiasi fulani kisichoguswa kwa kazi nyingine yoyote. Mkiweza, nunueni turubai moja, viti vya plastiki na sufuria mbili kubwa. Zitawatumikia, na zikikodishwa kwenye shughuli zitaingiza kidogo.

Aliye nyuma kwenye ada akifiwa? Wengine humnyima. Mimi naona apewe baada ya kukatwa anachodaiwa, mradi hajazidi miezi sita. Mkimnyima kabisa, majirani watakwenda kumzika kwa michango yao binafsi, na umoja utaonekana hauna utu.

Hatua ya 10: Grupu la WhatsApp

Fungueni mawili. La kwanza ni la taarifa: viongozi pekee ndio wanaotuma, na hapo huwekwa mikutano, hesabu, msiba, maji kukatika. La pili ni la maongezi, anayetaka aingie. Mkichanganya, tangazo la msiba litazama kati ya video na sala za asubuhi, watu watalefti mmoja mmoja.

Picha za "mwizi wetu" zisisambazwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinaweza kumgusa aliyetuma na admini aliyenyamaza. Picha ipelekeni polisi. Wazee wasio na simu janja wapewe mtu wa kuwapitishia habari. Kijana wa nyumba jirani anatosha.

Hatua ya 11: Usajili, baada ya miezi mitatu au sita

Msikimbilie cheti. Umoja wenye cheti na bila kazi ni karatasi. Mkiona mnakutana, mnalipa na mnasoma hesabu, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atawaelekeza namna ya kutambuliwa na halmashauri kama kikundi cha kijamii: katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha, orodha ya wanachama yenye saini, na barua ya utambulisho wa serikali ya mtaa. Njia nyingine ni kusajiliwa kama jumuiya kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Inafaa umoja mkubwa wenye mali na mikataba.

Swali linalokuja kila mara: "Tukisajili tutapata ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri?" Hapana. Ile ni ya vikundi vya uzalishaji vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Umoja wa wakazi haumo. Akina mama wa mtaa wakitaka, waunde kikundi chao chenye daftari lake.

Walioko Kenya: kwenu Nyumba Kumi ilisukumwa na serikali tangu 2013 na huenda kwa chifu, na vikundi husajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022. Hatua ya 6 haibadiliki.

Hatua ya 12: Mkutano mkuu wa mwaka

Mara moja kwa mwaka, kwa tangazo la siku 14. Muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mhazini, taarifa ya wakaguzi, mpango na bajeti ya mwaka, uchaguzi kama ni mwaka wake, mengineyo. Wakaguzi wasome baada ya mhazini na si kabla. Mkimaliza, soda na maandazi, kutoka kwenye fungu lililopitishwa.

Mambo yakikwama

*Watu hawalipi.* Angalia kwanza kama hesabu za miezi miwili iliyopita zilibandikwa. Kama hazikubandikwa, tatizo liko kwenu. Kama zilibandikwa, mjumbe mmoja awatembelee mmoja mmoja, jioni, bila daftari mkononi. Utakuta mwingine amepoteza kazi (mpangieni kazi ya mikono siku ya mtaro), mwingine ana kinyongo na mwenyekiti, mwingine ni mkaidi tu. Mkaidi mwacheni. Msimkatie taa wala kumtangaza.

*Mwenye nyumba hayupo na wapangaji wanasema "mwambieni mwenyewe".* Mpigieni simu mwenye nyumba kwa mambo ya kudumu kama barabara na mtaro, maana yanapandisha thamani ya nyumba yake. Ulinzi na taka wanalipa wanaoishi hapo.

*Pesa haionekani.* Msianze na kelele za grupu. Wakaguzi wachukue daftari, risiti na taarifa ya benki au ya simu, wampe mhazini siku saba za kueleza kwa maandishi, kisha mkutano wa dharura. Akikiri, aandikiwe mpango wa kurudisha mbele ya mtendaji. Akikataa na ushahidi upo, nendeni polisi mkiwa na karatasi zenu.

*Mwenyekiti hataki kutoka.* Katiba yenu ilisema miaka miwili. Theluthi ya wanachama wasaini kuitisha mkutano, mtendaji aalikwe kusimamia kura. Ndiyo maana mhazini na katibu hawapaswi kuwa watu wake.

*Majirani wanagombania mpaka wa kiwanja.* Umoja usihukumu. Baraza la kata ni la usuluhishi, likishindwa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Muziki, mbwa na maji machafu, hayo jaribuni kuyasuluhisha kwa wazee wawili kabla ya kwenda ofisi ya mtaa.

*Vikao vimekuwa vya watu sita.* Punguzeni vikao. Vya kamati kila mwezi, vya wanachama kila baada ya miezi mitatu. Halafu fanyeni kazi nyingine ya kuonekana. Watu watarudi kuangalia nani aliifanya.

*Mhazini anahama.* Asiondoke na ufunguo mfukoni. Makabidhiano yafanyike mbele ya wakaguzi, kwenye karatasi moja yenye orodha: kaunta buku ya fedha, vitabu vya risiti vilivyotumika na vitupu, kadi ya benki, taarifa ya salio ya siku hiyo, turubai na idadi ya viti. Wote wasaini, na watia saini wabadilishwe benki wiki hiyo hiyo, kabla gari la kuhamisha vyombo halijafika.